UZI: Filamu za Wajerumani kuhusu enzi za Hitler. Usimtafute Hitler, mtafute jirani

Mpigachapa wa Zamu

Wakuu, salaam.

Mwezi uliopita kuna mdau aliomba humu filamu za vita vya pili, akashushiwa za Kimarekani tupu: vifaru, ndege, na kamanda anayekata roho akiwa ameshika picha ya mkewe. Nikaahidi nitaleta za Wajerumani wenyewe. Nimechelewa, mnisamehe. Huu ni msimu wa kalenda, na sisi wapiga chapa msimu huu tunalala kwa zamu kama walinzi.

Niseme mapema kwamba sizungumzii filamu za majenerali, wala za yule bwana mwenye sharubu akipiga kelele ndani ya handaki. Nazungumzia muuza duka, mama wa nyumbani, fundi, mwanafunzi. Wale waliokuwa wakiamka asubuhi, wakinywa kahawa na kwenda kazini katika nchi inayoendeshwa na Wanazi kuanzia 1933 mpaka 1945. Waliishije? Waliona nini? Na baada ya vita, wenzao walipokamata kamera, walikubali kuonyesha nini na wakaficha nini?

Mimi niliingia kwenye mambo haya kupitia kwa mjomba. Ni Mzanzibari, na miaka ya sabini alipelekwa Leipzig kusomea uchapaji. Mnakumbuka Zanzibar na Ujerumani Mashariki walivyokuwa marafiki, yale maghorofa ya Kikwajuni ni kazi ya urafiki huo. Huko chuoni walionyeshwa filamu moja ya zamani ya mpiga chapa, na miaka yote mjomba alikuwa akiisimulia kama hadithi ya Abunuwasi. Nilikuja kuiona mwenyewe nikiwa mtu mzima, kwenye simu, na maandishi ya Kiingereza chini.

Inaitwa *Rotation*, ya mwaka 1949, mwongozaji ni Wolfgang Staudte. Jina limetokana na mtambo wa kuchapia magazeti, ule unaovuta karatasi kutoka kwenye roli na kulizungusha.

Bwana mmoja, Hans Behnke, ni fundi mitambo Berlin. Hana kazi, ana mke, ana mtoto. Wanazi wanachukua nchi, kazi zinarudi, naye anapata mtambo wa kuendesha. Behnke si Mnazi. Siasa haimhusu, anataka mshahara na amani nyumbani. Shemeji yake Kurt ni mkomunisti, anakimbia nchi. Kazini wanaanza kumuuliza maswali: mbona wewe hujajiunga na chama? Mbona una shemeji wa namna hii? Behnke anapiga hesabu, anajiunga. Mtambo anaouendesha unachapa gazeti la chama, lile *Völkischer Beobachter*.

Nikiwa mtu wa mtambo, hapo nilisimamisha filamu. Mpiga chapa hasomi anachochapa, jamani. Anaangalia wino umekaa sawa, karatasi halijakatika, rangi haijahama. Nimeshachapa vitabu vya dini tatu tofauti na mabango ya vyama vyote, wiki moja, mtambo mmoja. Staudte alilijua hilo. Kamera yake inaonyesha karatasi linavyokimbia, Behnke akisikiliza mlio wa mashine kama daktari anavyosikiliza kifua. Kazi nzuri kabisa. Na kinachotoka upande wa pili ni sumu.

Halafu siku inafika majirani zake Wayahudi wanachukuliwa, safari ya treni kwenda kambini. Behnke yuko dirishani, anaona kila kitu, na hatoki.

Tukio lenyewe ni fupi, ukiinama kuokota karanga limekupita. Mimi tangu nilione, kila filamu ya Kijerumani ya zama zile naitazama kwa jicho hilo: jirani anapochukuliwa, mwenye filamu ameiweka wapi kamera? Ameiweka dirishani, ameiteremsha barabarani, au amegeuka ukutani kabisa?

Behnke baadaye anaamka. Kurt anarudi kwa siri na kuomba msaada wa kutengeneza mtambo wa kuchapia vipeperushi vya kupinga vita, na mikono ileile inafanya kazi nyingine. Anayemchongea kwa Wanazi ni mwanawe wa kumzaa, aliyelelewa na Vijana wa Hitler mpaka akaiva. Baba anaishia gerezani, mama anakufa Berlin inapoanguka. Kijana anarudi kutoka utekwani na hajui atamtazama baba yake kwa uso gani, na baba anamwambia kosa lilianzia kwake yeye.

Kulikuwa na tukio la baba kuchoma sare ya mwanawe na kumwambia hiyo ndiyo sare yake ya mwisho maishani. Wakubwa wa upande wa Mashariki, ilikotengenezwa filamu, hawakulipenda hata kidogo, wakavutana na Staudte, mwisho wake likaondolewa. Miaka michache mbele, 1955 na 1956, Ujerumani zote mbili zikawa na majeshi mapya na sare mpya.

Napumua kidogo, naendelea chini.

---

BintiMakunduchi

Naweka mkeka hapa. Mpigachapa, kabla hujaenda mbali: hawa watu walipata wapi nguvu ya kutengeneza filamu mwaka 1946 au 1949 wakati nchi yote ni vifusi?

---

Mpigachapa wa Zamu

Dada, vifusi ndivyo vilivyokuwa studio. Filamu za miaka ile zinaitwa hivyo hivyo, filamu za vifusi.

Ya kwanza kabisa baada ya vita ni ya huyohuyo Staudte, *Die Mörder sind unter uns*, yaani Wauaji wamo miongoni mwetu. Nchi walikuwa wameigawana washindi wa vita. Alizunguka na muswada wake kwa wakubwa wa Magharibi, wakamkatalia. Warusi wakamkubalia. Kampuni ya filamu ya upande wao, DEFA, ilianzishwa Mei 1946, na filamu ikaonyeshwa Berlin tarehe 15 Oktoba mwaka huohuo.

Susanne anarudi kutoka kambi ya mateso, anakuta chumba chake kimekaliwa na daktari mmoja, Mertens, aliyetoka vitani akili imevurugika, kazi yake kulewa. Madirisha hayana vioo. Unajua wameziba na nini? Picha za eksirei. Upepo wa Berlin unazuiwa na mbavu za wagonjwa, na mwanga wa asubuhi unapita katikati ya mifupa ya watu. Sijui kama walilipanga au ndicho kilichokuwepo, ila picha hiyo hainitoki.

Halafu yupo Brückner, aliyekuwa kapteni wa Mertens. Mkesha wa Krismasi 1942, huko Poland, aliamuru wanakijiji zaidi ya 100 wauawe, wanawake na watoto wamo. Sasa vita vimekwisha, Brückner ni mzee wa heshima, ana mke, ana watoto, ana kiwanda. Anachukua kofia za chuma za askari anazigeuza sufuria. Kuna mahali anakula mkate wake uliofungwa kwenye gazeti, kamera inasogea, unasoma kichwa cha habari: watu milioni mbili wameuawa kwa gesi. Bwana anatafuna tu. Hana habari, au anayo na njaa iko palepale.

Katika muswada wa kwanza Mertens alikuwa amuue Brückner. Warusi wakasema hapana, mkionyesha hivyo kila mtu atachukua bastola yake. Ikabidi Susanne afike kwa wakati kumzuia, Brückner apelekwe kwenye sheria.

Lawama yangu ni moja, na wengi wameisema kabla yangu. Susanne ametoka kambi ya mateso, lakini amefika nywele zimetengenezwa, ngozi inang'aa, na kabla hatujakaa sawa ameshika ufagio anamsafishia daktari nyumba. Aliyeteswa ndiye anamuuguza askari. Mateso yake yeye hatuelezwi. Kamera imemuonea huruma mtu tofauti.

---

Kijogoo wa Ubungo

Mkuu umeandika vizuri, ila tuambizane ukweli. DEFA si ilikuwa chombo cha wakomunisti? Hizi nazo ni propaganda, tofauti rangi tu. Huyo shemeji mkomunisti shujaa nimeshamjua hata filamu sijaiona.

---

Mpigachapa wa Zamu

Kijogoo, hapo umegusa penyewe, sikatai. Mashariki walikuwa na wimbo wao: Unazi uliletwa na mabepari na wenye viwanda, waliopinga ni wakomunisti, na sisi tulio Mashariki ni watoto wa hao waliopinga. Angalia *Der Rat der Götter* ya 1950, inayohusu ile kampuni kubwa ya kemikali ya IG Farben. Ukimaliza unajua mabepari ni wabaya. Mambo mengi humo ni kweli, lakini mwananchi wa kawaida wa Mashariki anatoka ukumbini mikono meupe.

Ila usizitupe zote kwa jiwe moja. *Ehe im Schatten*, Ndoa gizani, ya 1947, haina mkomunisti wa kuokoa mtu. Ni mwigizaji maarufu wa jukwaani na mkewe Myahudi. Wanazi wanambana amwache. Anakataa, lakini anakataa kwa namna ya msanii: anadhani watu waliomshangilia miaka yote hawataruhusu lifike mbali. Marafiki wapo, na wote ni wazuri! Mmoja ana cheo serikalini na anaahidi kusaidia. Kila mtu ni mpole, na kila mlango unafungwa kwa upole. Mwisho mume anatia sumu kwenye kahawa.

Kisa hiki kina mwenyewe. Mwigizaji Joachim Gottschalk, mkewe Meta na mtoto wao wa kiume walikufa pamoja Berlin mwezi Novemba 1941, wazazi walipoona mama na mtoto watapelekwa kambini. Na aliyeongoza filamu, Kurt Maetzig, mama yake mzazi alikuwa Myahudi, akajiua 1944 asikamatwe na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi. Kwa hiyo huyu bwana aliyasimulia ya nyumbani kwao.

Ilionyeshwa tarehe 3 Oktoba 1947 katika sehemu zote nne za Berlin kwa wakati mmoja, ya Warusi, Wamarekani, Waingereza na Wafaransa. Watazamaji walipita milioni kumi.

Sasa shika hili, Kijogoo. Muziki wa filamu hii uliandikwa na Wolfgang Zeller. Ndiye aliyeandika muziki wa *Jud Süß* ya 1940, ile filamu ya Wanazi ya kuchochea chuki dhidi ya Wayahudi. Na Staudte wetu ninayemsifu tangu asubuhi? Naye alikuwemo humo *Jud Süß*, kanafasi kadogo ka kuigiza. Fundi ni yuleyule, mtambo umebadilishwa mwenyewe. Nadhani ndiyo maana Behnke ametoka vizuri vile. Staudte alikuwa hasimulii mtu baki.

---

Mama Nasra

Eee Mungu wangu. Hiyo kahawa imenikaa kooni.

---

Mwalimu Daudi

Wakuu, nichangie. Mimi ni mwalimu wa historia, na kwenye mada ya vita vya pili niliwahi kuwaonyesha kidato cha nne *Die Brücke* ya Bernhard Wicki, ya 1959. Tulitumia projekta ya kuazima na shuka.

Wavulana saba, darasa moja, mji mdogo, Aprili 1945. Vita vimekwisha kila mtu anajua isipokuwa wao. Nusu ya filamu wanafanya mambo ya vijana: mashua, wasichana, kugombana na baba. Wanaitwa jeshini na wanafurahi. Wanafunzi wangu walikuwa wanacheka hapo. Mwalimu wao anamuomba afisa awaonee huruma, na afisa, ili kuwasaidia, anawapanga walinde daraja ambalo halina kazi, liko mjini kwao wenyewe, wakae hapo mpaka yaishe. Mtu aliyewekwa nao anaondoka kidogo na harudi. Wale watoto hawajui kwamba daraja halina kazi. Wanalilinda kwelikweli. Vifaru vya Wamarekani vinakuja, na wanakufa mmoja mmoja, si kufa kwa mashujaa, wanalia wanaita mama. Mwisho wanafika askari wa Kijerumani kulilipua hilohilo daraja, na watoto wanawapiga risasi, maana wao wameambiwa lisiguswe.

Inafungwa kwa maandishi kwamba haya yalitokea tarehe 27 Aprili 1945, na yalikuwa madogo mno hata hayakutajwa kwenye taarifa yoyote ya jeshi.

Darasa lilikaa kimya. Halafu kijana wa nyuma, msumbufu haswa, akauliza: "Mwalimu, sasa yule aliyewafundisha kulipenda daraja yuko wapi?" Nikajifanya natafuta waya wa projekta.

---

Kijogoo wa Ubungo

Mwalimu Daudi umenimaliza. Ila bado nina swali na naomba mniache niulize kama mjinga. Mtu wa kawaida alikuwa na kipi cha kufanya? Wewe Mpigachapa, zima mtambo wako leo useme sichapi, kesho una kazi? Halafu kule haikuwa kufukuzwa kazi, kule ilikuwa kitanzi.

---

Mpigachapa wa Zamu

Swali si la kijinga. Ndilo swali la filamu zote hizi, na zinalijibu kwa njia tofauti.

Walikuwepo wachache waliofanya. Otto na Elise Hampel, mume na mke, wafanyakazi wa Berlin, elimu ndogo, si wanachama wa kikundi chochote cha upinzani. Kaka yake Elise aliuawa vitani 1940. Wakaanza kuandika kadi kwa mkono, zaidi ya 200, wakiziacha kwenye ngazi za majengo: msiende vitani, msichangie. Walinyongwa? Hapana, walikatwa vichwa, gereza la Plötzensee, tarehe 8 Aprili 1943. Kisa chao kikawa riwaya ya Hans Fallada, na riwaya ikazaa filamu zaidi ya moja. Ya Magharibi ya 1976 inaitwa *Jeder stirbt für sich allein*, Kila mtu hufa peke yake. Anayecheza mke ni Hildegard Knef, na huyo ndiye yuleyule Susanne wa 1946! Miaka thelathini katikati. Safari hii hakuna nywele za kung'aa.

Lakini kinachouma si kitanzi wala shoka. Kadi zile nyingi zilipelekwa polisi na waliozikuta. Fikiria unapanda ngazi na kikapu chako cha viazi, unakuta kadi. Ukiisoma ni kosa. Ukiiacha, mwenzako anaweza kusema alikuona ukiisoma. Unaipeleka ili ulale. Hapo ndipo utawala ule ulipokaa, kwenye ngazi za nyumba za watu. Hata Sophie Scholl na kaka yake, wale wanafunzi wa München waliosambaza vipeperushi vya kuwapinga Wanazi, filamu yao ya 2005 imewafuata siku kwa siku: wamekamatwa tarehe 18 Februari 1943, tarehe 22 wamekwisha kuuawa. Aliyewakamata si Gestapo. Ni mtunza jengo la chuo.

Kwa hiyo Kijogoo, sikuambii ungefanya nini. Mimi mtambo nisingezima, najijua. Ninachotaka ni filamu isinidanganye kwamba sikuona.

---

Chokoleti Chungu

Mmeniita bila kujua. Jina langu humu limetoka kwenye filamu ya Staudte, na nashangaa hamjaifikia: *Rosen für den Staatsanwalt*, Maua kwa mwendesha mashtaka, 1959. Na ni ya kuchekesha!

Mwaka 1945 askari mmoja, Rudi, ananunua makopo mawili ya chokoleti ya magendo. Mahakama ya jeshi inamhukumu kifo. Kifo, kwa chokoleti. Anapelekwa kupigwa risasi, ndege za adui zinatokea, kila mtu anatimua, Rudi anapona na karatasi ya hukumu inabaki naye. Miaka inapita. Rudi ni mmachinga, anauza tai na michezo ya karata barabarani. Siku moja anamwona bwana aliyemhukumu. Ni mwendesha mashtaka mkubwa wa serikali mpya, ana nyumba nzuri, ana jina zuri. Bwana naye anamwona Rudi, na usingizi unapaa.

Rudi anachoka, anavunja kioo cha duka na kuiba chokoleti ileile ili apelekwe kwake. Mahakamani mwendesha mashtaka anachanganyikiwa, ulimi unarudi nyuma miaka kumi na kitu, anaomba adhabu ya kifo. Nilicheka nikaamsha mtoto. Ndani ya kicheko unakumbuka mahakimu wengi wa Hitler walirudi kweli kwenye viti vyao huko Magharibi.

---

Mpigachapa wa Zamu

Asante sana, nilikuwa naiweka akiba. Na ni vizuri imetoka 1959, maana miaka ya hamsini Magharibi walikuwa wamejifunika shuka. Filamu zilizojaza kumbi ni za milima, misitu, mashamba ya maua, binti mwenye gauni la kijijini na mwindaji mwenye kofia. *Schwarzwaldmädel* ya 1950, *Grün ist die Heide* ya 1951. Nimeangalia moja nikalala mara mbili. Ni kama mtu aliyefiwa anayetaka kuzungumzia hali ya hewa tu.

Tarehe 28 Februari 1962 watengeneza filamu vijana 26 walikutana mji wa Oberhausen wakatangaza sinema ya baba zao imekufa. Miaka ya sabini ndipo watoto wakaanza kuwauliza wazazi.

*Die Blechtrommel* ya Schlöndorff, 1979, wengi mnaijua kwa yule mtoto anayekataa kukua na ngoma yake ya bati. Mimi namtazama baba, Matzerath, muuza duka, mpishi hodari. Anashusha picha ya Beethoven ukutani, anatundika ya Hitler. Warusi wanapoingia anashusha. Anataka kuificha beji ya chama, mtoto anamrudishia mkononi, na kwa hofu anaimeza. Beji inamkaba, anarukaruka, askari hawaelewi, wanampiga risasi. Ndiyo, kilichomponza ni kitu alichokuwa akikivaa kwa fahari.

Nyingine nataka mwanamke yeyote humu aione kisha arudi tuzungumze: *Deutschland, bleiche Mutter*, Ujerumani mama uliyepauka, 1980. Helma Sanders-Brahms anasimulia maisha ya mama yake, anamwita Lene. Mume yuko vitani. Lene anadarizi blauzi ya kuvaa yeye siku mume akirudi likizo, na uzi umemwishia. Anakwenda kwenye duka la Myahudi aliyekuwa akiuza nyuzi, anakuta duka limefungwa na kuharibiwa. Wenyewe hawapo. Na Lene anahangaika na nini? Uzi. Rangi ifanane. Mwongozaji ni binti yake, anampenda, na bado ameliacha tukio hilo ndani. Amempa mama yake huruma yote, njaa, mabomu, kutembea na mtoto mdogo katika vifusi, na uso unaopooza upande mmoja vita vinapokwisha na mume amerudi nyumbani. Lakini duka hakulifuta.

Wapo waliolaumu kwamba filamu imewageuza Wajerumani kuwa wahanga. Kwangu, mtu aliyeweka lile duka hakusahau.

---

BintiMakunduchi

Nimeiona usiku huu, nimepata nakala. Sitaki kuzungumza sasa. Bibi yangu alikuwa mdarizi wa kofia, najua mtu anavyotafuta uzi. Dunia ikiungua atautafuta.

---

Askari wa Zamani

Watoto, mimi huwa nasoma tu, leo naandika. Kuna mtu wetu ndani ya habari hii na hamjamtaja.

Mahjub bin Adam Mohamed, kazaliwa Dar es Salaam 1904. Wajerumani walimwandika Bayume Mohamed Husen. Vita vya kwanza alikuwa kijana mdogo tu na akatumika upande wa Wajerumani, kama baba yake aliyekuwa askari. 1929 akafika Berlin kudai mishahara yao. Hakulipwa. Akabaki, akawa mhudumu katika Haus Vaterland, nyumba kubwa ya starehe, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni, akaoa Mjerumani, na akawa anaigiza nafasi ndogo ndogo kwenye filamu: mtumishi, mpagazi, mwenye sinia. Filamu ya mwisho ni ya 1941 kuhusu Carl Peters, aliyetuletea ukoloni wa Kijerumani. Ndiyo, yuleyule Mkono wa Damu, ametukuzwa na Wanazi, na kijana wa Dar amesimama kando yake mbele ya kamera. Mwaka huohuo akakamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mweupe, hakupelekwa mahakamani, akatupwa kambi ya Sachsenhausen. Alikufa humo tarehe 24 Novemba 1944.

Kuna filamu ya kumbukumbu ya Eva Knopf, *Majubs Reise*, ya 2013. Amechukua vipande vya filamu zile za zamani na kumtafuta Mahjub nyuma ya mastaa. Sekunde tatu hapa, sekunde tano pale, anapita na sinia. Berlin kuna kijiwe cha shaba chenye jina lake, kimechimbiwa barabarani mbele ya alikokuwa akiishi.

---

Mpigachapa wa Zamu

Mzee wangu, shikamoo. Nimekaa kimya dakika nzima. Mimi nahangaika na jirani wa Behnke, kumbe jirani mwingine alikuwa akisema Kiswahili.

Nataka kuongeza moja kubwa, kisha naenda kazini. *Heimat* ya Edgar Reitz, 1984. Sehemu kumi na moja, zaidi ya saa kumi na tano, kijiji cha kubuni kinaitwa Schabbach, milima ya Hunsrück, kuanzia 1919 mpaka 1982. Katikati yuko Maria, anaanza binti anafika bibi. Reitz alianza kuiandika kwa hasira. Januari 1979 televisheni ya Ujerumani Magharibi ilionyesha tamthilia ya Kimarekani *Holocaust*, kuhusu mauaji ya Wayahudi, watu karibu milioni 20 wakaitazama, nchi ikalia, na Julai bunge likaondoa kikomo cha muda wa kushitaki mauaji. Reitz akaona Wamarekani wamewaibia hadithi yao.

Ni filamu tamu, sitadanganya. Nzi jikoni, mkate, redio ya kwanza kijijini, simu ya kwanza, barabara kuu inakuja na wanaume wageni wenye pesa. Unazi unaingia Schabbach kama unavyoingia umeme. Eduard, mtu mpole asiye na akili nyingi, anasukumwa na mkewe mpaka anakuwa meya ndani ya sare. Utamu huo ndio unaonitia wasiwasi, maana miaka ya thelathini kijijini inaonekana kama miaka mizuri, na kwa wengi pale labda ilikuwa. Wayahudi karibu hawamo. Saa kumi na tano, na jirani hana hata dirisha la kuchukuliwa mbele yake. Wengine wanasema Reitz alikuwa mkweli, kijiji kilikumbuka hivyo. Mimi bado nagombana naye na nikimaliza narudia sehemu ya kwanza.

---

Mama Nasra

Mpigachapa, mjomba yuko hai? Hakuwahi kuwauliza hao Wajerumani aliosoma nao?

---

Mpigachapa wa Zamu

Yuko hai, anaumwa magoti tu. Wenzake walikuwa watoto wakati wa vita. Aliyekuwa na umri wa Behnke ni mwalimu wake wa mtambo, mzee mkimya, mikono mikubwa, aliyemfundisha kusikiliza roli linapotaka kukatika. Jioni ya siku walipoionyeshwa *Rotation* walikuwa wawili wanaosha wino, mjomba akamuuliza: mwalimu, wewe miaka ile ulikuwa unachapa nini?

Mzee akamwambia alikuwa anachapa ratiba za treni.

Mjomba anasema alifurahi, akaona ahaa, huyu hakuchapa gazeti. Anasema alikuwa ameshafika Unguja, ameoa, ana watoto wawili, ndipo siku moja akiwa bandarini anasubiri boti akakaa chini ghafla.

Zamu imefika wakuu, simu naiacha kwenye kabati. Aliyepata nakala ya *In jenen Tagen*, ile ya 1947 ambayo gari bovu linasimulia wenyewe wake saba, anitumie faragha. Yangu inakata sauti kwenye kisa cha wazee wawili wa 1938.